Kaka ana saratani ya damu, wanasema dawa imegoma: jibu kwa dada wa Mbagala

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo:

"Dokta shikamoo. Kaka yangu ana miaka 43, ni dereva wa lori la Dar mpaka Tunduma. 2021 aligundulika ana saratani ya damu ile ya CML, chembe nyeupe zilikuwa laki mbili na themanini elfu na bandama imevimba. Akaanzishiwa imatinib 400, baada ya muda akawa mzima kabisa akarudi barabarani. Mwaka jana PCR, kile kipimo cha damu kinachoonyesha jeni ya saratani imebaki asilimia ngapi, ilikuwa 0.08. Mwezi wa tatu mwaka huu akakutwa na TB akaanza dawa za TB kituo cha afya huku kwetu. Sasa hivi mwezi wa saba chembe nyeupe zimepanda elfu kumi na tisa, ameambiwa huenda dawa imegoma, mwili umeizoea. Mama anataka tuachane na hospitali twende Tanga kwa mtu wa miti shamba, na rafiki yake mmoja anasema kuna dawa mpya kali zaidi tuchange tununue. Je ni kweli mwili unazoea dawa? Tufanyeje? Na sisi ndugu zake tunaweza kuupata huu ugonjwa?"

Marahaba dada, na poleni sana, wewe na mama na kaka mwenyewe. Umeandika maneno mengi lakini kuna sentensi moja umeipita haraka kama jambo la pembeni, ile ya kwamba mwezi wa tatu alianza dawa za TB. Kwangu mimi hiyo ndo kubwa kuliko zote, nitaifikia hapo chini na nitaielezea kwa urefu, ila kwanza tuweke sawa hili la mwili kuzoea dawa manake lisipoeleweka na mengine yote hayataeleweka.

Mwili wa kaka yako haujazoea kitu. Imatinib inaenda kukaa kwenye protini moja iliyoko ndani ya chembe za saratani, inaitwa BCR-ABL. Hiyo protini mtu hazaliwi nayo, imetokana na ajali ya vinasaba ndani ya uloto wa mifupa: kipande cha kromosomu namba 9 na kipande cha namba 22 vilikatika vikabadilishana nafasi, jeni mbili ambazo hazikutakiwa kukutana zikaungana, na kinachotoka hapo ni protini isiyozimika, inaisukuma chembe izaliane usiku na mchana bila kusubiri amri ya mwili. Kromosomu namba 22 iliyofupika kwa ajali hiyo iligunduliwa 1960 na Peter Nowell na David Hungerford kule Philadelphia, ndo maana mpaka leo inaitwa kromosomu ya Philadelphia, alafu 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba ni hizo mbili zimebadilishana vipande. Imatinib ilipitishwa Marekani mwaka 2001, na ugonjwa ambao zamani ulikuwa unamaliza watu ndani ya miaka michache ukawa ugonjwa wa kumeza vidonge na kuendelea na kazi. Kwenye utafiti mkubwa wa IRIS, wagonjwa walioanzia kwenye imatinib, baada ya miaka 10 asilimia 83 walikuwa hai. Msomee mama hapo, kwa sababu najua neno saratani likitajwa nyumbani watu wanaanza kuhesabu siku, na CML haihesabiwi hivyo.

Sasa usugu unatokeaje? Watu wa rika langu mnaikumbuka klorokwini. Ilikuwa inatibu malaria vizuri tu, baadaye ikawa unameza homa iko palepale, 2001 nchi ikaiacha ikaenda SP, nayo haikudumu, 2006 tukahamia ALu. Hapo hakuna Mtanzania aliyezoea klorokwini, miili yetu ni ileile. Waliobadilika ni vimelea, yaani kati ya mabilioni ya vimelea walikuwepo wachache wenye hitilafu kwenye jeni zao inayowafanya wasidhurike na dawa, wenzao wakafa, wao wakabaki na nafasi yote wakazaana. CML ni hivyohivyo. Chembe za saratani ni nyingi mno na zinapogawanyika zinakosea kunakili jeni, na ikitokea kosa limeangukia kwenye ile BCR-ABL, sehemu ambayo imatinib inakaa, hiyo chembe moja inapona wakati wenzake wanakufa. Kwa baadhi ya wagonjwa chembe za namna hiyo zimekutwa kwenye sampuli iliyochukuliwa kabla hata hawajameza kidonge cha kwanza. Kwa hiyo mara nyingi dawa haitengenezi usugu, inawachuja waliokuwepo. Tofauti na malaria ni kwamba usugu wa CML hauhami kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, unaanzia na kuishia ndani ya mgonjwa huyohuyo.

Kosa maarufu kuliko yote linaitwa T315I. Protini ni mnyororo wa amino asidi, na kwenye nafasi ya 315 kawaida inakaa treonini. Imatinib ikiingia kwenye lile tundu inashikana na hiyo treonini, ndo moja ya vitu vinavyoifanya ing'ang'anie. Ikitokea kosa moja tu la herufi kwenye jeni, treonini inaondoka inakaa isoleusini, ambayo haishikani na dawa na tena inajaza nafasi, dawa inakosa pa kuingia. Herufi moja kwenye jeni nzima, basi. Na haikuchukua muda kugundulika: mwaka uleule wa 2001 timu ya mtafiti wa Marekani Charles Sawyers ilichapisha matokeo ya wagonjwa 9 ambao imatinib iliwasaidia alafu ugonjwa ukarudi, 6 kati yao walikuwa na hilo kosa la nafasi ya 315, na 3 chembe zao zilikuwa zimeongeza nakala za jeni ya BCR-ABL zikawa nyingi kiasi kwamba dawa haitoshi kuzizima zote.

Ziko njia nyingine pia. Kuna chembe zinaongeza pampu kwenye kuta zake zikawa zinaitema dawa nje, kuna nyingine zina milango michache ya kuiingiza, kuna zinazotafuta njia ya pembeni ya kuzaliana ambayo haipiti BCR-ABL kabisa, na kuna chembe mama ndani ya uloto ambazo zimelala tu hazigawanyiki, imatinib haiziui. Hizo zilizolala ndo sababu mgonjwa mwenye vipimo vizuri bado anaambiwa aendelee kumeza. Wapo walioweza kuacha salama, lakini ni watu waliokaa kwenye majibu mazuri sana kwa miaka, na hata hao kati yao karibu nusu ugonjwa unarudi, wengi ndani ya miezi 6 ya kwanza, kwa hiyo wanaacha wakiwa wanapimwa PCR mara kwa mara. Sio jambo la kujaribia nyumbani.

Haya, yote hayo ni usugu wa kweli, wa chembe kubadilika. Lakini kuna jambo lingine ambalo kwa macho linafanana nalo kabisa, chembe nyeupe zinapanda, PCR inapanda, kila mtu anasema dawa imegoma, kumbe chembe hazijabadilika kitu, dawa ndo haizifikii. Kabla ya kutamka usugu lazima hili liondolewe kwanza, na kwa kaka yako mimi naanzia hapa.

Dawa za TB anazomeza, zile za mchanganyiko kwenye kidonge kimoja, ndani yake kuna rifampisini. Utaijua kwa mkojo, unatoka rangi ya chungwa, muulize atakwambia ndio. Rifampisini ni dawa nzuri sana ya TB lakini ina tabia moja, inaliamsha ini litengeneze kwa wingi kimeng'enya kinachoitwa CYP3A4, ambacho kazi yake mojawapo ni kuzivunjavunja dawa. Na imatinib inavunjwa na hichohicho. Kuna utafiti walichukua watu wenye afya zao wakawapa rifampisini kwa siku kadhaa alafu wakawapa imatinib ya 400, kiasi cha imatinib walichokipata mwilini kilishuka kwa karibu asilimia 74. Yaani kaka anameza 400 kila siku, kwa uaminifu wake wote, lakini damu yake inapata kitu kinachokaribiana na dozi ya 100. Sasa angalia tarehe zako mwenyewe: mwaka jana PCR 0.08, majibu mazuri kabisa, mwezi wa tatu anaanza TB, mwezi wa saba chembe zimepanda. Siwezi kuapa kwamba ndo sababu bila kuona faili lake, ila kama ningekuwa nimekaa naye kliniki hilo ndo swali la kwanza ningeuliza, kabla ya kusema chochote kuhusu usugu.

Na najua swali linalofuata, basi atenganishe masaa, TB asubuhi imatinib usiku. Haisaidii. Rifampisini haigombani na imatinib tumboni, inabadilisha kazi ya ini lenyewe, na ini likishaamshwa linabaki hivyo mchana na usiku na hata siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Kwa hiyo ameze pamoja, ameze mbalimbali, ni yaleyale.

Hapa nakuomba sana dada, usikimbilie kumwambia aache dawa za TB. TB isipomalizwa inaua na inaambukiza mama na watoto hapo nyumbani, tena TB nayo ina usugu wake na ni mbaya. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, kama alianza mwezi wa tatu amebakiza kidogo tu. Kinachotakiwa ni madaktari wa pande zote mbili wajue. Wana njia zao: maelekezo ya imatinib yenyewe yanasema kama mgonjwa hana budi kutumia rifampisini basi dozi ya imatinib iongezwe angalau kwa nusu na afuatiliwe kwa karibu, na pale rifabutini inapopatikana wanaweza kufikiria kuiweka badala ya rifampisini kwa sababu yenyewe hailiamshi ini kwa kiwango hicho. Wataamua wao, sio wewe wala mimi wala muuza duka la dawa. Na akimaliza TB dozi lazima iangaliwe upya tena, kwa sababu baada ya kama wiki mbili ini linatulia na ile dozi iliyoongezwa inaweza kuanza kumzidi, uso unavimba, anatapika, damu inashuka.

Linaloniuma kwenye hili ni kwamba halihitaji mashine ya gharama. Mgonjwa ana kadi ya TB kituo kimoja na faili la saratani hospitali nyingine, kila upande unaandika dawa zake, na mgonjwa hajui kwamba kuna cha kusema. Fanya hivi, siku ya kliniki chukua mfuko mmoja uweke kila anachomeza: makopo ya imatinib, vidonge vya TB, kadi zote, dawa za kifafa kama anazo, dawa za kupunguza makali ya VVU kama anatumia, dawa za vidonda vya tumbo, vichupa vya miti shamba kama mama ameshaleta, vyote. Mwaga juu ya meza ya daktari. Usimwelezee kwa kumbukumbu, wengi wanasahau nusu. Kwenye hizo nilizotaja kuna fenitoini na kabamazepini za kifafa na efavirenzi ya VVU, nazo zinaliamsha ini kama rifampisini, kwa viwango tofauti.

Jambo la pili ni umezaji wenyewe. Sisemi kaka ni mzembe, nisome vizuri. Ila ni dereva wa masafa, na imatinib inataka imezwe pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji, ukiimeza tumbo tupu inachafua tumbo vibaya. Mtu anaondoka Mbagala saa kumi alfajiri, hajala, anajua akimeza atatapika njiani, anasema nitameza nikifika Chalinze, Chalinze kuna foleni ya mzani, anasahau. Kesho yake hivyohivyo. Alafu dawa inavimbisha kope asubuhi na kukaza misuli ya miguu usiku, mtu anayekanyaga klachi siku nzima anaweza kuamua kimyakimya kupumzika siku mbili tatu, na hakwambii mtu kwa sababu anajisikia mzima. Mbelgiji naye ni hivyohivyo: utafiti wa ADAGIO uliofanyika Ubelgiji ulikuta waliomeza imatinib yote kama walivyoandikiwa ni asilimia 14 tu. Na mwaka 2010 hospitali ya Hammersmith kule London waliwapa wagonjwa 87 makopo yenye kifaa kinachorekodi kila kifuniko kinapofunguliwa. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya vidonge, uwezekano wa kufikia majibu mazuri ya PCR ndani ya miaka 6 ulikuwa asilimia 94, waliomeza asilimia 90 au pungufu ilikuwa 28. Walioshuka chini ya 80 hakuna hata mmoja aliyefika. Asilimia 90 maana yake ni kuruka siku 3 tu kwa mwezi, ni rahisi mno kufika hapo bila hata kujiona mkosaji.

Kwa hiyo kaa naye mkiwa wawili, mama asiwepo, umuulize bila kumbana. Usiulize "unameza kila siku?" maana jibu ni ndio. Uliza "wiki iliyopita ukiwa njiani ni siku ngapi zilikupita?" Alafu hesabuni vidonge vilivyobaki kwenye kopo mlinganishe na tarehe aliyochukua. Kama tatizo ni chakula, ahamishie dozi kwenye mlo mkubwa wa siku, kama ni ule wali anaokula Ruaha Mbuyuni basi ndo iwe hapo kila safari, na siku akiwa nyumbani amezee mlo wa muda huohuo. Kopo lisikae kwenye dashibodi, lori lililosimama juani linakuwa tanuri na hizi dawa zinatakiwa zikae chini ya nyuzi 30 na pasipo unyevu. Na yule ndugu aliyeandikwa kwenye kadi ya TB kuwa msimamizi wake wa dawa, msimamieni kwa zote mbili, gharama ni ileile ya simu moja kwa siku.

Sasa vipimo. Hiyo elfu kumi na tisa peke yake haitoshi kuhukumu, chembe nyeupe zinapanda hata kwa maambukizi ya kawaida na yeye kifua chake hakijatulia. Kinachotakiwa ni FBP, yaani kile kipimo cha kuhesabu chembe zote za damu, ya kurudia na mtu aangalie damu yake kwa hadubini kama kuna chembe changa, alafu PCR ya BCR-ABL kwa kipimo cha kimataifa. Ile 0.08 yake ya mwaka jana inasomwa hivi: lengo ni kuwa asilimia 10 au chini baada ya miezi 3 ya dawa, 1 au chini baada ya miezi 6, na 0.1 au chini baada ya mwaka, na baada ya hapo isipande tena. Alikuwa ndani ya lengo, hongereni, hiyo inaonyesha chembe zake zilikuwa zinasikia dawa. Kipimo hiki kinaweza kufanyika kwenye mashine ya GeneXpert, ileile inayopima makohozi ya TB, kinachobadilika ni katriji tu, kwa hiyo ukiambiwa hakipo uliza kama katriji za BCR-ABL zinategemewa lini na sehemu gani nyingine zipo.

PCR ikiwa imepanda kweli, kinafuata kipimo cha kusoma jeni ya ABL kutafuta hayo makosa kama T315I. Sio kila maabara inakifanya, uliza sampuli inatumwa wapi na majibu yanachukua muda gani. Jambo moja muhimu, damu ya kipimo hiki itolewe akiwa bado anameza dawa yake. Akiacha wiki kadhaa chembe zisizo na kosa zinarudi kwa wingi zinazifunika zile zenye kosa na kipimo kinaweza kusema hakuna kitu.

Hapo ndo tunafika kwenye dawa mpya ambazo rafiki yake kaka amezisikia. Zipo, hakudanganya. Dasatinib ilikuja 2006, nilotinib 2007, bosutinib na ponatinib 2012, asciminib 2021. Lakini sio ngazi kwamba ya juu ni kali kuliko ya chini na unaruka tu unakokutaka, zinachaguliwa kwa kosa lililokutwa na kwa mwili wa mgonjwa. Likikutwa kosa linaloitwa Y253H au E255K, nilotinib haifai sana, dasatinib inafaa zaidi. Likikutwa F317L au V299L ni kinyume chake. Likikutwa T315I hizo zote tatu, dasatinib, nilotinib na bosutinib, hazifui dafu, zinabaki ponatinib, ambayo ina hatari ya kuziba mishipa ya damu ya moyo na ubongo, na asciminib, ambayo mimi naipenda kwa akili yake, haigusi kabisa lile tundu linalogombaniwa, inakwenda kukaa kwenye mfuko mwingine wa protini ileile upande wa pembeni, kwa hiyo isoleusini iliyojaa pale kwenye 315 haiizuii, ila kwa T315I dozi yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya kawaida.

Na kwa kaka kuna mengine. Dasatinib inaweza kujaza maji kwenye utando wa mapafu, mtu mwenye TB ya kifua daktari atafikiria mara mbili. Nilotinib inamezwa tumbo tupu, masaa mawili baada ya kula na saa moja kabla ya kula tena, na inataka moyo upimwe kwa ECG na sukari ifuatiliwe, kwa dereva wa masafa ratiba hiyo ni kazi. Zote mbili hazipendi omeprazo, ambayo hapa Dar watu wanameza kama peremende. Pia apimwe homa ya ini B kama hajapimwa, dawa za kundi hili zote zinaweza kuiamsha iliyokuwa imelala.

Lakini la kushika kuliko yote: rifampisini inazivunja na hizo mpya vilevile. Dasatinib inashuka kwa zaidi ya asilimia 80, nilotinib kwa kama 80. Kwa hiyo mkichanga ukoo mzima mkanunua dasatinib leo, kaka akaimeza juu ya dawa za TB, mwezi wa tisa mtaambiwa na hiyo nayo imegoma, na itaandikwa kwenye faili kwamba ameshindwa dawa mbili, wakati kiukweli hajashindwa hata moja. Ndo maana nimekwambia ile sentensi yako ni kubwa. Na msinunue kwa mtu wa mkononi au kwa tangazo la simu, hata kama kopo linaonekana zuri. Wagonjwa wengi wa CML nchini wamekuwa wakipata imatinib bila kulipia kwa mpango wa msaada wa Novartis na The Max Foundation, kwa hiyo hata dawa za mstari wa pili muulizeni kwanza daktari anayemtibu njia za msaada zilizopo, msianze na kuuza kiwanja.

Upandikizaji wa uloto watu wananiuliza sana. Kwa CML siku hizi umebaki wa waliogomewa na dawa kadhaa au ambao ugonjwa umefika hatua ya mwisho, sio wa kaka kwa hali uliyonieleza. Dodoma pale Benjamin Mkapa wameshapandikiza watoto wa selimundu, utaalamu unaingia nchini na mimi nafurahi sana, lakini hilo tuliache.

Kuhusu mama. Nisingependa mumgombeze, amemwona mwanae akipona alafu anaona namba zinapanda, angekuwa mama gani asitafute njia. Mweleze tu kwamba miti shamba nayo inapita kwenye ini lilelile, ipo mimea inayofanya kama rifampisini, kuna mmea wa Ulaya unaoitwa St John's wort umepimwa ukakutwa unashusha imatinib kwa asilimia 30 hivi, na hiyo mizizi ya Tanga hakuna aliyeipima na imatinib. Kaka sasa hivi ini lake limebeba dawa za TB nne zikaja zikawa mbili, na imatinib juu. Asiongezewe kitu kisichojulikana. Kuomba na waombe, hilo halivunji dawa. Ila kuacha imatinib kabisa kwenda kujaribu kwingine, hapo nakataa kwa nguvu zangu zote, chembe ambazo leo huenda zinasikia dawa zikiachiwa zinazaliana na kila zinavyozaliana ndo makosa mapya yanaongezeka, na CML ikivuka kwenda hatua ya chembe changa inakuwa ugonjwa mwingine kabisa, mkali, wa kulazwa.

Dalili za kutosubiri tarehe ya kliniki ni homa isiyoeleweka, kutokwa damu puani au kwenye fizi, michubuko bila kugongwa, mifupa kuuma sana, upande wa kushoto wa tumbo kujaa au kuuma, uzito kushuka. Jasho la usiku na kukonda ni dalili za TB pia, kwa hiyo kama vilikuwa vimeisha baada ya kuanza dawa za TB na sasa vimerudi, mwambie daktari hivyohivyo, kwamba viliisha vikarudi. Nenda wiki hii, usingoje mwezi wa nane.

Na lile la mwisho, nyie ndugu zake. CML haiambukizi na hairithiwi kwa maana ya kwamba mzazi anampa mtoto, ile ajali ya kromosomu 9 na 22 ilitokea ukubwani ndani ya uloto wake yeye, haipo kwenye mbegu zake wala kwenye damu yenu. Hamna haja ya kupimwa kwa ajili yake. Ila TB mkapimwe, wote mnaolala nyumba moja naye, hasa watoto wa chini ya miaka 5.